Maji Yalikuwa na Miiko

Riwaya ninayoiandika hapa Digodigo ilikwama kwenye mshale. Shujaa wangu ana mshale wa uchawi usiokosa, basi kila vita anashinda, hata mimi mwenyewe nikamchoka.

Nikarudi kwenye historia. Fumo Liyongo, wanasimulia watu wa pwani, hakuna silaha iliyomuweza ila sindano ya shaba kitovuni. Sharti moja tu, rahisi. Lakini ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe ni mazito, bwana! Mwaka 1905 dawa yake, maji yaliyochanganywa na mtama, iliaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Nayo ilikuwa na miiko: usilale na mwanamke, usipore mali. Kinjeketile alinyongwa mapema Agosti. Tarehe 30 ya mwezi huohuo wapiganaji waliivamia ngome ya Mahenge, rashasha zikawafyeka. Wapo waliosema: wale walivunja mwiko. Yaani dawa haikosi kamwe. Mkosaji ni marehemu, na marehemu hajitetei. Vita ikaendelea hadi 1907.

Sasa mshale wangu nao una miiko. Mdogo wake shujaa anakufa sura ya tatu, kijiji kinasema aliivunja. Mama yake anakataa kusadiki. Hapo ndipo nilipofika.