Kufuma na Kufumua: Habari za Nguo katika Kilwa ya Kale

Itajwapo Kilwa ya kale, watu hukumbuka dhahabu ya Sofala, Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Ni wachache wakumbukao uzi. Walakini Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa Kisiwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alikuta katika mabaki ya mji vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Kigae cha namna hii hutiwa katika kijiti kiwe uzito wa kusokotea uzi wa pamba. Basi chungu kilichovunjika kilikuwa kingali na kazi.

Lugha nayo yashuhudia. Kiswahili kina maneno yake ya ufundi huu: mtande ni nyuzi za urefu, mshindio ni zile zipitazo kati, na chombo chenyewe ni kitanda cha mfumi. Tena kina neno kufumua, yaani kuirudisha nguo katika nyuzi zake.

Kazi hiyo ya kufumua imeandikwa na Mreno Duarte Barbosa, ambaye kitabu chake kilitimia kati ya mwaka 1516 na 1518. Asema kwamba Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyingi nyeupe za pamba. Nao, kwa kuwa hawakujua kutia rangi au walikosa rangi, walizitwaa nguo za buluu na za rangi nyingine zitokazo Kambaya katika Bara Hindi, wakazifumua, wakazifuma tena pamoja na uzi wao mweupe. Nguo hizo ziliwapatia dhahabu nyingi.

Habari hii ni ya Sofala, si ya Kilwa. Lakini Sofala ilikuwa chini ya masultani wa Kilwa mpaka Wareno walipoiteka Kilwa na kujenga ngome Sofala, yote mawili katika mwaka 1505. Wafanya biashara waliohamisha nguo na dhahabu kati ya bandari hizo walikuwa jamii moja.

Barbosa aliona upungufu wa ufundi. Hata hivyo jambo hilo laweza kupimwa kwa njia nyingine. Nguo ya Kambaya ilivuka bahari kwa msimu wa kaskazi, ikawa ghali. Nyuzi zake zikichanganywa na uzi wa nyumbani, rangi ya nguo moja huenea katika nguo kadhaa. Hapo kufumua ni hesabu ya mchuuzi mwenye akili.

Yafaa kulinganisha na Uingereza. Katika mji wa Batley, Benjamin Law asemekana kuwa ndiye aliyeanza, mwaka 1813, kuchana matambara ya sufu ya kondoo na kuyasokota upya pamoja na sufu mpya. Mashine za Batley ziliichana sufu hata nyuzinyuzi zake zikakatika. Mikono ya Sofala iliutoa uzi mzima.

Hesabu hiyo iligeuka katika karne ya 19, nguo rahisi za pamba kutoka Marekani zilipoenea kwa njia ya Unguja, zikaitwa merikani. Nguo ikiwa rahisi, saa za kuifumua huwa ghali kuliko nguo yenyewe. Kisha Wadachi wakawalazimisha watu wa bara ya Kilwa kulima pamba ya kupelekwa ng'ambo. Mnamo Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba hiyo, na vita vya Maji Maji vikaanza, vikaendelea hata 1907. Pamba iliyokuwa mali ya mfumi ilikuwa imekuwa mzigo wa mkulima.

Siku hizi nguo huja pwani kwa marobota ya mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuyaondoa kidogo kidogo. Ila mitumba ingali sokoni, na isiyouzika hutupwa. Mwanafunzi wa historia asiwadhanie wazee wa pwani kuwa walipenda matambara. Walifumua kwa sababu walijua kazi iliyomo katika kila uzi, kwa kuwa wao wenyewe waliusokota. Anayevaa asichokifuma hana budi kujifunza thamani hiyo kwa njia nyingine, na vigae vya Kilwa ni mahali pema pa kuanzia.