Nino Salukvadze: mathe wa bastola aliyeenda Olimpiki mara 10

Unamkumbuka Yusuf Dikeç, yule buda wa Uturuki aliyelenga shabaha mkono mmoja mfukoni kwa Olimpiki ya Paris 2024, akabeba fedha na kugeuka meme dunia nzima? Fiti. Sasa kwa mashindano hayo hayo kulikuwa na mathe wa miaka 55 ambaye watu wachache walimtambua, na stori yake ni noma kuliko ya Dikeç.

Jina ni Nino Salukvadze. Alizaliwa Tbilisi, Georgia (hapana, si ile ya Marekani) mwaka wa 1969, wakati nchi hiyo ilikuwa bado ndani ya Usovieti. Kocha wake alikuwa mbuyu wake mwenyewe, Vakhtang. Akiwa na miaka 19 alitua Seoul 1988, Olimpiki ile ile Robert Wangila wetu alichukua dhahabu ya ndondi, na msupa akatoka huko na dhahabu ya bastola mita 25 pamoja na fedha ya bastola ya hewa mita 10.

Kama unadhani hii ni mchezo rahisi, cheki: kwa mita 10 unasimama, unashika bastola kwa mkono mmoja tu, na duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5. Hiyo ni ndogo kuliko bob moja. Unapiga risasi 60. Moyo ukidunda vibaya mara moja tu, umeenda.

Usovieti ikasambaratika. Barcelona 1992 Nino alishindania timu ya pamoja ya nchi zilizotoka humo, na kuanzia Atlanta 1996 akawa wa Georgia. Halafu medali zikakauka. Michezo minne bila kitu! Wengi wangehepa.

Beijing 2008 ndiyo ilimrudisha kwa ramani, na haikuwa juu ya medali tu. Siku ambayo michezo ilifunguliwa, Urusi na Georgia walikuwa vitani. Timu ya Georgia iliwaza hata kurudi home. Siku mbili baadaye Nino akashinda shaba kwa mita 10, miaka 20 baada ya Seoul, na aliyesimama na fedha kando yake alikuwa Mrusi, Natalia Paderina. Mbele ya kamera zote wakakumbatiana na kupigana busu la shavu. Nino akaambia wanahabari kuwa dunia ikijifunza kutoka hapo, vita havingekuwepo. Vita haviskii, lakini ile picha bado inazunguka.

Rio 2016 alikuja na mtoi wake, Tsotne Machavariani, pia mlenga bastola. Mama na mwana kushindana Olimpiki moja haikuwa imewahi kutokea. Hakuna aliyebeba medali, na sidhani walilia.

Baada ya Tokyo alisema imetosha, macho yanachoka. Kwa mchezo wa kulenga, macho yakienda kazi imeisha. Lakini mbuyu akamwomba ajaribu tena, maanake Paris ilikuwa miaka mitatu tu mbele. Unamwambia nini mzazi aliyekufunza kushika bastola ukiwa mdogo?

Akafuzu. Hiyo ikawa Olimpiki yake ya 10. Mwingine aliyewahi kufikisha 10 ni Ian Millar, mpanda farasi wa Canada, lakini yake iliruka 1980 kwa sababu ya mgomo. Ya Nino haikuruka hata moja, 1988 hadi 2024. Kwa kulinganisha tu, Eliud Kipchoge wetu, na vile tunamwona mkongwe, ameenda 5.

Mashindano ya kulenga hayakufanyika hata Paris yenyewe, yalikuwa Châteauroux, mbali na kelele za jiji. Huko Nino hakufika fainali. Alipiga risasi zake zote.