Flashi ya Igamba na sauti ya babu

Leo naomba tuzungumzie flashi. Ndiyo, hicho hicho kidude ulichokifunga pamoja na funguo za geto.

Mwaka 2017 nilikuwa likizo nyumbani Igamba, wilayani Mbozi. Nikamrekodi babu kwa simu. Ujanani alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Alinisimulia kwa saa mbili na ushee: chakula cha kambini, Wachina walivyochapa kazi, na yale mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako. Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikahamishia sauti yake kwenye flashi. Siku mbili baadaye nikaipeleka flashi hiyo steshenari kuprinti barua. Nilipokuja kuifungua chuoni, kila folda ilikuwa imegeuka shotikati ya kilobaiti moja au mbili. Jamaa wa chumba cha pili akaiangalia akasema, "Hiyo imekula virusi, fomati tu." Nikafomati. Babu akafariki mwaka uliofuata.

Tangu hapo nimekuwa na swali moja: kwa nini kompyuta inamkaribisha mgeni bila hata kumwuliza jina?

Kumbe jina inamwuliza, ila inaamini jibu lolote. Turudi nyuma kidogo. Kabla ya 1996, kuunganisha printa au kipanya ilikuwa shughuli pevu: kila kifaa na tundu lake, unafunga skrubu, unazima na kuwasha, unatafuta diski ya draiva. Draiva, kwa wasioijua, ni programu inayomkalimania kifaa kwa kompyuta. Januari 1996 likatoka toleo la kwanza la USB, na mmoja wa wahandisi waliolisukuma ni Ajay Bhatt wa Intel. Nia yao ilikuwa njema: chomeka, tumia. Kifaa kikiingia kinajitambulisha kwa namba za mtengenezaji na za aina yake, "mimi ni kibodi", "mimi ni ghala la mafaili", na mfumo unakitafutia draiva inayofaa. Hakuna aliyeweka mlinzi mlangoni, maana nani angedhani kipanya kitakuja na kisu?

Wakati huo Microsoft nao walikuwa wameshaweka Autorun kwenye Windows 95. Ilikusudiwa kwa CD: unatumbukiza, programu inaanza yenyewe kwa kusoma faili dogo la maandishi liitwalo autorun.inf. CD ilikuwa inatoka kiwandani, na ya kiwandani huwezi kuiandika upya, kwa hiyo hatari haikuonekana. Kisha mwaka 2000 flashi zikaingia sokoni, na hizo kila mtu anaandika anachotaka. Kwenye Windows XP ukibofya mara mbili alama ya flashi, kompyuta ilikwenda kwanza kwenye autorun.inf na kutii ilichokikuta humo. Mlango uliotengenezwa kwa ajili ya mgeni mmoja wakaanza kuupita wote.

Mwaka 2008 ulikuwa mbaya. Flashi moja ilichomekwa kwenye kompyuta mpakato ya jeshi la Marekani katika kambi ya Mashariki ya Kati, na virusi vikasambaa hadi kwenye mitandao ya siri. Novemba ya mwaka huo Pentagon ikapiga marufuku flashi. Mwezi huo huo akaonekana Conficker, ambaye baadaye alikuja na mbinu ya kuweka kwenye dirisha la Windows maneno yanayofanana kabisa na "fungua folda uone mafaili". Ukibofya, umemfungulia yeye.

(Pembeni kidogo: Tanzania ilishawahi kupiga marufuku kitu kikubwa zaidi ya flashi. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta zenyewe! Wakati huo babu bado yuko relini.)

Microsoft wakafunga mlango. Windows 7 ya mwaka 2009 iliacha kutii Autorun ya flashi, na Februari 2011 wakasambaza sasisho la kufanya vivyo hivyo kwenye XP na Vista. Lakini sasisho linapitia intaneti. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla yake tulitegemea setilaiti, na bei yake mnaikumbuka au mmesimuliwa. Kuanzia Dar mpaka steshenari ya kijijini Mbozi kuna safari nyingine. Isitoshe, Windows nyingi za mitaani zilikuwa za kukopi, na mwenye duka anazima masasisho asije akaumbuliwa. Dawa ilikuwepo, mgonjwa hakufikiwa.

Na watunga virusi nao hawakulala. Autorun ilipofungwa, wakaacha kuitegemea kompyuta, wakamtegemea mtu. Virusi vinayaficha mafaili yako halisi, kisha vinaweka shotikati zenye majina yale yale. Unabofya "Babu", virusi vinaanza kazi, na mara nyingi folda nayo inafunguka, hivyo huna wasiwasi. Ndicho kilichonipata mimi.

Sasa sikilizeni hapa panapouma. Mafaili yangu hayakuliwa. Yalifichwa tu! Amri moja, attrib -h -r -s /s /d, ingeyarudisha yote kwa dakika moja. Nilikuja kujua hilo mwaka 2019, nikiwa nimeshaijaza flashi ile muvi mara tano.

Mwenye ofisi anaweza kuzuia flashi kabisa: kwenye Windows kuna thamani iitwayo Start chini ya draiva ya USBSTOR, ukiitoa 3 ukaweka 4, flashi mpya haisomeki. Kibodi na kipanya vinaendelea kama kawaida. Hapo ndipo Karsten Nohl na Jakob Lell walipopenya mwaka 2014 na BadUSB yao: flashi iliyoandikwa upya ndani kabisa, ikichomekwa inasema "mimi ni kibodi", na inaanza kujiandikia amri. Kuzuia ghala la mafaili hakumzuii aliyejiita kibodi. Simu zilianza kuwa na adabu: tangu 2018 iPhone iliyofungwa kwa zaidi ya saa moja inakataa kuzungumza na kifaa kipya hadi uifungue, na tangu 2022 mpakato mpya za Apple zinauliza kwanza kama umruhusu mgeni. Miaka 26 kupita ndipo swali likaulizwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Igamba tena, nikamrekodi bibi. Sauti yake iko kwenye simu, kwenye mpakato na kwenye barua pepe yangu. Anakumbuka mengi: kanda alizoletewa, baiskeli ya kwanza, jina la Kichina la msimamizi lililowachekesha wote. Nikamwuliza kuhusu mahandaki ya Mlimba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo, mjukuu wangu, alikuwa anayajua mwenyewe."