Buti Imejaa Maji? Hivi Ndivyo Utamaliza Kuvuja na Harufu Kabla Mvua ya Kisumu Ikumalize

Ndai ya kufunguka juu ni raha ukipita Oginga Odinga Street jioni, paa iko chini, wasee wanageuza shingo. Shida inakuja asubuhi baada ya mvua. Unafungua buti, kapeti imelowa, spea tairi inaogelea, na harufu ni kama ulisahau omena ya wiki jana ndani.

Hii kitu si ya kuchukulia poa. Mazda MX-5 za kuanzia 1989 hadi 2005 huweka betri kwa buti. BMW E46 ya kufunguka pia. Mercedes SLK nayo iko na pampu ya kuinua paa huko nyuma. Maji yakikaa hapo, leo ni harufu, kesho paa imekataa kufunga katikati ya mvua. Na hata kama uko na Demio ama Vitz tu, soma. Mengi ya hapa yanakuhusu pia.

Mbona Kisumu ni noma zaidi

Mchana upepo unatoka ziwani unaenda nchi kavu, unapatana na hewa ya milima ya Nandi na Kericho, na jioni unapata radi na mvua kubwa. Hiyo mvua inakuja na upepo, so maji hayashuki tu kutoka juu. Yanasukumwa kando, yanaingia kwa mianya ambayo manyunyu ya kawaida hayawezi kufikia.

Alafu kuna jua. Ikweta inapita hapo Maseno, karibu tu. Jua kama hilo linakausha raba mpaka inakuwa ngumu na kupasuka. Na kumbuka Kenya hairuhusu kuleta gari ya mtumba iliyozidi miaka 8, so SLK ya 2005 unayoona mtaani ilifika hapa kitambo. Kama raba zake hazijawahi kubadilishwa, zimezeeka nayo.

Kwanza jiulize: ni maji ya mvua ama ni yako?

Kabla uite fundi, cheki vile unatumia buti. Ulibeba samaki na barafu kutoka Dunga? Mtungi wa maji uliyumba ukipita bampu? Barafu ikiyeyuka inaingia chini ya kapeti na unaanza kulaumu paa bure.

Pia kuna unyevu usio wa kuvuja. Kitu yoyote iliyolowa ukiifungia kwa gari, jua linageuza maji kuwa mvuke, usiku bati likipoa mvuke unarudi kuwa matone. Kama bati la juu ndani ya buti limelowa kila mahali na huoni mchirizi, shuku hiyo.

Maji hupitia wapi

Hizi ndizo sehemu za kuanza nazo:

1. *Mifereji ya paa.* Gari ya kufunguka juu imetengenezwa ikijua maji yatapita kando ya paa. Kuna mfereji unaoyakusanya na mipira inayoyatoa chini ya gari. Ukipaki chini ya mwembe, majani, vumbi na wale wadudu wa ziwa wanaziba hiyo mipira. Maji yakikosa njia, yanaingia ndani. Kwa BMW Z4 ya kwanza (E85), mota ya paa inakaa chini kabisa, na mfereji ukiziba inazama. Hiyo ni shida inayojulikana dunia nzima.

2. *Raba ya buti.* Imepasuka, imelala, ama iliwekwa vibaya baada ya gari kugongwa nyuma.

3. *Taa za nyuma.* Kila taa iko na raba nyembamba inayoziba kati yake na bodi. Usisahau ile taa ya breki ya juu kwa kifuniko.

4. *Mashimo madogo.* Antena, skrubu za spoila, taa za namba pleti. Kwa Vitz na Demio, cheki paipu ya maji ya waipa ya nyuma. Ikichomoka, kila ukiosha kioo unamwaga maji ndani mwenyewe.

5. *Matundu ya hewa.* Yamejificha nyuma ya bampa. Gari ikishagongwa hata kidogo, raba zake zinaweza kutoka.

Jinsi ya kupata shimo bila kubahatisha

Toa kila kitu: kapeti, spea tairi, jeki, plastiki za kando. Kausha buti yote kwa kitambaa. Kisha nyunyiza poda ya mtoto kwa bati. Tone likipita litaacha alama, na hiyo alama ndiyo itakuonyesha njia.

Jaribu raba kwa noti. Iweke kati ya raba na bodi, funga buti, alafu vuta polepole. Ikishikwa, raba iko fiti hapo. Ikitoka bila kusumbua, maji nayo yatapita. Rudia kuzunguka buti yote.

Sasa maji. Tumia paipu ya kawaida, presha ndogo, na anzia chini ukipanda juu: bampa kwanza, taa, raba, mwisho paa. Kaa kila sehemu dakika tatu ama nne. Ukianza juu, maji yatateremka yaloweshe kila kitu na hutajua yameingilia wapi. Mwenzako achungulie kwa tochi akiwa upande wa viti, kama viti vinalala. Usimfungie mtu ndani ya buti. Lock ikikwama hiyo siku itakuwa na story ingine.

Kukausha: usianike juu juu tu

Kosa la wengi ni kuanika kapeti na kuacha ile sponji ya chini. Sponji inashika maji siku nyingi, na hapo ndipo bati linaoza. Toa zote, anika kwa jua la mchana mpaka ukiifinya hakuna kitu. Chini ya spea tairi kwa gari nyingi kuna kizibo cha raba. Kitoe maji yatoke, kisha ukirudishe.

Kama kuna ukungu, pangusa na siki iliyochanganywa na maji, acha ikauke vizuri. Usichanganye siki na Jik hata siku moja, inatoa gesi ya sumu. Harufu ikibaki, weka makaa makavu kwa kopo wazi siku kadhaa. Makaa hunyonya harufu, lakini hayatazuia kuvuja.

Kutu ikianza, isugue mpaka bati lionekane, pakaa praima kisha rangi. Ukipaka rangi juu ya kutu, umeificha tu iendelee kula.

Kuziba

Mifereji izibue na waya wa plastiki, ule wa mashine ya kukata nyasi, polepole, kisha mwaga maji kidogo uone kama yanatoka chini. Usikubali mtu aweke kompresa kwa nguvu. Mpira unaweza kuchomoka huko ndani na sasa maji yatamwagika mahali huwezi kufika.

Raba ambayo bado iko laini, ioshe na uipake silikoni ya raba. Usiipake grisi ama oili ya injini, zinaiharibu. Iliyopasuka, badilisha. Mafundi wa Kibuye na Kondele wanaweza kuifunga, lakini raba yenyewe ya MX-5 ama SLK huenda ikabidi uitafute Kirinyaga Road, Nairobi, ama uagize. Taa zitoe, weka raba mpya. Kumwaga silikoni nje kuzunguka taa ni kazi ya haraka, haikai, na inaharibu luku.

Ukipeleka gari kuoshwa, mwambie jamaa mashine ya presha isikaribie mishono ya paa.

Kitu moja ya mwisho, na hii ni serious

Mahali maji yanaingia, moshi wa egzosi pia unaweza kuingia. Hewa ya nyuma ya gari hurudi kwa bodi ikisonga, na sumu iliyo kwa huo moshi haina harufu. Ukisikia kichwa inauma kila ukiendesha na buti inavuja, fungua vioo, simamisha gari, na usingoje mwisho wa mwezi.

Na kama unanunua, usiangalie tu paa ikifunguka. Inua kapeti ya buti, toa spea tairi, gusa chini na mkono. Ukipata matope makavu, kutu mpya ama manukato mengi kupita kiasi, hiyo gari iko na historia na maji. Shusha bei sana ama uachane nayo.