Sekunde za Mwisho za Mbube

Mwaka 1931 kijana wa Kizulu aitwaye Solomon Linda aliaga kwao Msinga, katika mkoa wa Natal, akaenda Johannesburg kutafuta kazi. Hakufuata muziki. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, Waafrika wa Afrika Kusini walikuwa wamebanwa katika sehemu ndogo tu ya nchi yao. Kodi zilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha hizo zilipatikana migodini na mijini. Vijana wa rika lake waliondoka vijijini kwa maelfu. Linda alipata kibarua katika duka la samani, na saa za jioni akaimba katika kikundi kilichoongozwa na wajomba zake.

Uimbaji huo ulikuwa na wazazi wawili. Shule ya misheni aliyosoma Linda ilimzoesha nyimbo za kanisani zilizopangwa kwa sauti mbalimbali, na harusi za nyumbani zilimzoesha nyimbo za Kizulu ambazo kiongozi huanzisha na wengine huitikia. Katika mabweni ya wafanyakazi wa mjini mapokeo hayo mawili yalichanganyika, na mashindano ya kwaya yakawa burudani ya mwisho wa wiki. Watu walishindana kwa sauti, kwa miondoko, hata kwa mavazi. Kikundi cha wajomba kilipovunjika mwaka 1933, Linda alikusanya wenzake wa kwao, wakaendelea kwa jina lile lile la Evening Birds. Walipanda jukwaani wamevaa suti nadhifu, na waliweka waimbaji kadhaa wa besi mahali ambapo kwaya nyingine ziliweka mmoja. Hao wa besi tutawahitaji baadaye.

Sauti nzuri peke yake haitoshi kuufikisha wimbo mbali. Lazima pawe na mashine ya kuinasa. Kwa miaka mingi msanii wa Kiafrika aliyetaka sauti yake iwekwe kwenye santuri alilazimika kusafiri. Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928, na Griffiths Motsieloa wa Afrika Kusini alikwenda London mwaka 1930 kwa kazi hiyo hiyo. Mfanyabiashara Eric Gallo aliona kwamba safari hizo zingeweza kuepukwa, akafungua studio Johannesburg, na baadaye akamchukua Motsieloa huyo huyo awe msaka vipaji na msimamizi wa kurekodi. Ndiye aliyewaingiza Evening Birds studioni mwaka 1939.

Mojawapo ya nyimbo walizorekodi iliitwa Mbube, yaani simba kwa Kizulu. Maneno yake ni machache mno, na ni kweli kwamba ukiyaandika hayajazi hata nusu ukurasa. Kilichoujaza wimbo ni mpangilio. Besi zinazunguka juu ya fungu moja fupi, mara ile ile, mzunguko ule ule, na vyombo vichache vinasikika nyuma yao kama kwa mbali. Juu ya zulia hilo Linda anapaa kwa sauti nyembamba ya kichwani, anaruka, analia, anashuka, kisha anapaa tena bila kufuata njia aliyopita mwanzo. Walirekodi mara ya kwanza, wakarudia. Katika jaribio la tatu, sekunde chache kabla ya santuri kwisha, Linda alitoa mstari wa noti ambao hakuwa ameutoa hapo awali: mfupi, laini, wa kukaa kichwani. Kisha wimbo ukakoma.

Msomaji ayashike mambo mawili hayo, mzunguko wa besi na mstari wa mwisho, kwa sababu kila aliyeuimba wimbo huu baadaye alichagua mojawapo.

Kuhusu maana yake kuna maelezo mawili. Moja linasema Linda alikumbuka utoto wake, alipochunga ng'ombe pamoja na wavulana wenzake na kuwafukuza simba waliowanyemelea. La pili lilienezwa na mwimbaji wa Marekani Pete Seeger, aliyewaeleza wasikilizaji wake kwamba simba huyo ni mfalme Shaka, ambaye hakufa Wazungu walipoitwaa nchi bali alilala, naye ataamka siku moja. Hadithi hii inapendeza, na inaeleweka kwa nini mtu wa siasa za mrengo wa kushoto kama Seeger aliipenda. Lakini Shaka aliuawa na ndugu zake mwaka 1828, miongo kadhaa kabla ya ufalme wa Wazulu kushindwa vitani na Waingereza, na maneno ya Linda hayamtaji mfalme yeyote. Maelezo ya wachungaji yana uzito zaidi.

Santuri iliuzwa vizuri. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 nakala zake zilikadiriwa kuwa 100,000, idadi kubwa ajabu kwa wanunuzi ambao wengi wao walikuwa vibarua. Kwaya nyingine ziliiga mpangilio wake kiasi kwamba mtindo mzima ukaitwa mbube, na kutokana na huo ukakua mtindo wa isicathamiya ambao dunia ingekuja kuusikia kwa kikundi cha Ladysmith Black Mambazo. Linda mwenyewe alipewa kazi katika ghala la Gallo la kufungasha santuri. Kwa haki za wimbo, inaelezwa kwamba alilipwa shilingi 10.

Hatua iliyofuata ilianzia New York. Karibu na mwaka 1949 santuri kadhaa za Gallo zilikuwa zimefika katika kampuni ya Decca, na mkusanyaji wa nyimbo za asili Alan Lomax, alipoona hakuna anayezijali, alimpelekea rafiki yake Seeger. Seeger aliisikiliza Mbube tena na tena, akaiandika noti kwa noti. Hakujua Kizulu. Maneno ya kiitikio aliyasikia kuwa “wimoweh”, akayaandika hivyo, na kosa hilo la sikio likawa jina la wimbo nchini Marekani.

Toleo la kikundi chake, The Weavers, lilitoka mwaka 1952 likiwa na okestra nzima ya Gordon Jenkins na tarumbeta zake. Seeger alijaribu kuimba sehemu ya Linda kwa sauti ya juu, lakini uti wa mgongo wa toleo hilo ni mzunguko wa besi. Binafsi naona rekodi yao ya jukwaani, iliyofanywa Carnegie Hall mwaka 1955, ni bora kuliko ile ya okestra, kwa sababu bila tarumbeta unasikia watu wakiimba.

Kwenye lebo ya santuri hapakuwa na Solomon Linda. Palikuwa na jina Paul Campbell, mtu asiyekuwapo. Lilikuwa jina la bandia ambalo The Weavers na wachapishaji wao walilitumia kwa nyimbo za jadi walizozipanga upya, ili mrabaha usiende bure. Hapa ndipo tatizo lilipoanzia: wimbo wa mtu aliyekuwa hai, aliyekuwa anafungasha santuri Johannesburg, ulipangwa katika kabati la nyimbo zisizo na mwenyewe. Seeger alipopata habari za Linda, aliagiza apelekewe dola 1,000, na akadhani kwamba mrabaha ungeendelea kumfikia.

Mwaka 1960 Miriam Makeba, aliyefika Marekani mwaka uliotangulia, aliiweka Mbube katika albamu yake ya kwanza. Toleo lake halikupanda chati kama mengine, lakini katika mlolongo huu lina nafasi ya pekee, kwa kuwa lilirejesha jina la Kizulu na matamshi ya Kizulu mbele ya wasikilizaji waliokuwa wamezoea neno lililosikiwa vibaya.

Mwaka mmoja baadaye ikaja zamu ya vijana wa Brooklyn walioitwa The Tokens. Walipofanyiwa majaribio na watayarishaji Hugo Peretti na Luigi Creatore, mwimbaji wao Jay Siegel aliimba Wimoweh jinsi alivyoijua kutoka kwa The Weavers. Watayarishaji waliona wimbo unavutia lakini hauna hadithi, wakamwita mtunzi George David Weiss autengeneze. Weiss alihitaji mahali pa kuweka maneno ya Kiingereza. Mzunguko wa besi haukufaa, kwa kuwa hauna nafasi. Aliupeleka nyuma uwe kiitikio. Mahali penye nafasi palikuwa ule mstari mfupi ambao Linda aliubuni santuri ikikaribia mwisho. Weiss aliutoa mkiani akauweka kichwani, akaurudia kutoka ubeti hadi ubeti, akauvika maneno kuhusu simba aliyelala msituni. Sauti ya juu ya Linda alipewa mwanamke, mwimbaji wa opera Anita Darian.

Kampuni haikuutegemea wimbo huo, hata ikauweka upande wa pili wa santuri. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza. Mwezi Desemba 1961 The Lion Sleeps Tonight ilishika nafasi ya kwanza Marekani, na waliotajwa kuwa watunzi walikuwa Weiss, Peretti na Creatore.

Baada ya hapo matoleo yalimiminika. Karl Denver alilipandisha la kwake Uingereza mwaka 1962, na Henri Salvador akaimba kwa Kifaransa. Robert John aliurudisha kwenye chati za Marekani mwaka 1972, Tight Fit wakafika kileleni Uingereza mwaka 1982. Mengi kati ya hayo yaliigiza The Tokens kwa karibu, na hayahitaji kutukalisha. Lililo tofauti ni la mwaka 1990, ambapo Ladysmith Black Mambazo waliimba pamoja na wanawake wa kikundi cha The Mint Juleps bila ala yoyote. Hao ni wajukuu wa kimuziki wa Evening Birds wakiuimba wimbo wa babu yao katika umbo alilolitengeneza Mmarekani, na besi zao zinaurudisha nyumbani bila kuugombeza.

Linda hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Alianguka jukwaani mwaka 1959, akaugua figo, na akafa Soweto mwaka 1962, miezi michache tu baada ya The Tokens kushuka kileleni. Mjane wake alikaa miaka mingi bila uwezo wa kuweka jiwe juu ya kaburi.

Ni nini hasa kilichomnyima mali yake? Wengi hujibu kwa neno moja, wizi, na kwa hisia jibu hilo haliwezi kupingwa. Hata hivyo halielezi mambo yalivyokwenda. Wapo wanaoelekeza lawama kwa mkataba wa Gallo: mtu aliyekwisha kuuza haki zake hana la kudai. Wengine huitaja sheria ya Marekani, ambayo wakati huo haikuwa imejiunga na Mkataba wa Berne wa haki miliki (ilijiunga mwaka 1989), hivyo kazi ya kigeni ambayo haikusajiliwa huko haikuwa na ngao. Nionavyo mimi, chanzo kilikuwa mazoea ya kudhani kwamba wimbo wa Kiafrika hautungwi na mtu bali huota wenyewe kijijini. Dhana hiyo ndiyo iliyozaa Paul Campbell. Mkataba na sheria vilikuja baadaye kuhakikisha kwamba kosa likishafanywa halirekebishiki, na chini ya utawala wa kibaguzi mfanyakazi wa ghala mwenye elimu ndogo hakuwa na mahali pa kulalamikia.

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King, yenye wahusika waliopewa majina ya Kiswahili, Simba na Rafiki miongoni mwao, na ndani yake nguchiro na ngiri wakaimba kipande cha wimbo wa simba aliyelala. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini Rian Malan alichapisha uchunguzi mrefu katika jarida la Rolling Stone, akakadiria kwamba matumizi ya wimbo huo katika filamu na mchezo wake wa jukwaani yalikuwa yameingiza dola milioni 15. Mabinti wa Linda waliishi Soweto katika umaskini.

Msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa, katika sheria ya kikoloni. Sheria ya Haki Miliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilikuwa na kifungu cha kuwalinda warithi wa watunzi waliouza kazi zao kwa bei ya kutupa: miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, haki zilirudi katika mirathi yake hata kama aliziuza akiwa hai. Wakili Owen Dean alikifufua kifungu hicho. Linda alikufa mwaka 1962. Kwa hiyo tangu mwaka 1987 haki katika nchi zilizokuwa chini ya sheria hiyo zilikuwa za warithi wake, na filamu ilitoka miaka saba baadaye. Mwaka 2004 kesi ilifunguliwa Afrika Kusini. Ili mahakama ya huko iwe na mamlaka juu ya kampuni ya Marekani, mawakili waliomba zikamatwe alama za biashara za Disney zilizosajiliwa nchini humo, zaidi ya 200, na mahakama ikakubali.

Kesi haikufika hukumuni. Februari 2006 warithi walipatana na Abilene Music, kampuni iliyosimamia haki za The Lion Sleeps Tonight: walipwe mrabaha wa nyuma na wa mbele, na Linda atambuliwe kuwa mtunzi mwenza. Kwa kuwa pande zilipatana, hakuna jaji aliyelazimika kuamua swali ambalo wanamuziki bado hubishania: je, wimbo wa Mbube ni mzunguko wa besi uliopangwa na kufanyiwa mazoezi, au ni zile noti chache ambazo Linda alizibuni papo hapo, bila kuziandika popote, na ambazo ndizo zilizoleta karibu fedha zote?