Theluji ya Babu

Nimekua nikiiona theluji karibu kila asubuhi bila kuigusa hata mara moja. Nyumbani kwetu Marangu, mawingu yakifunguka alfajiri, Kibo huonekana juu ya migomba, cheupe na karibu kuliko kilivyo kweli. Ikifika saa tatu mawingu yanarudi na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Kwetu sisi watoto, ile nyeupe ilikuwa kama mwezi. Ipo, lakini haituhusu.

Aliyeigusa alikuwa babu yangu, mzaa mama. Alibeba mizigo ya wageni mlimani kwa miaka mingi. Alikuwa mpagazi, au mgumu, kama wanavyoitana wenyewe. Safari moja walipolala kituo cha Kibo, upepo ulivuma usiku kucha, na walipoamka walikuta njia yote imefunikwa. Babu alijaza theluji kwenye chupa ya chai, akaifunga vizuri, akashuka nayo siku mbili ili wajukuu zake tuione. Alituita uani, akatupanga mstari, akafungua kifuniko na kumimina.

Yakatoka maji.

Mimi ndiye niliyesema. "Babu, si umechota mtoni?" Nilikuwa na miaka tisa. Binamu zangu walicheka mpaka bibi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Babu hakukasirika. Alirudisha kifuniko na kuingia ndani na chupa yake. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisimulia habari za mlimani mbele yangu.

Miaka kumi na tano baadaye nilikuwa Stuttgart, Ujerumani, nikisoma shahada ya pili. Jumapili moja ya Januari nilipanda treni ya mjini ya U6 hadi kituo chake cha mwisho, mji mdogo wa Gerlingen. Nilitaka kuona alikotoka Johannes Rebmann, mtu niliyemjua kwa sentensi moja tu ya shule ya msingi: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro. Ilipofika saa nane mchana theluji ilianza kuanguka. Mwanzoni ilikuwa chembe chache, kama majivu ya moto wa shambani. Kisha upepo ukaja, nami sikuweza kuona upande wa pili wa barabara. Nilijibanza chini ya upenu wa nyumba. Kilichonishangaza si ile nyeupe, maana hiyo niliizoea tangu utotoni. Ni ukimya. Mvua ya kwetu hupiga kelele juu ya bati mpaka watu mnashindwa kusikilizana. Hii ilifunika mji mzima bila kutoa sauti.

Nikavua glavu, nikakinga kiganja. Ndani ya sekunde chache nilikuwa nimeshika maji.

Rebmann alizaliwa Gerlingen mwaka 1820. Alifika Mombasa mwaka 1846 kuungana na Johann Ludwig Krapf, mmisionari mwenzake aliyetoka naye jimbo moja la Württemberg, na makao yao yakawa Rabai. Mwezi Aprili 1848 alianza safari ya kwenda Uchagani, mkononi akiwa na mwavuli, pamoja na msafara mdogo ulioongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, wakiwa wamekwisha kuiacha milima ya Taita kuelekea Taveta, Rebmann aliona kitu cheupe kikimetameta juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, jibu aliloliandika katika shajara lilikuwa neno moja tu: baridi.

Nimelifikiria sana neno hilo. Lugha yetu ina neno theluji, lililotokana na Kiarabu, lakini kiongozi yule hakulitumia. Hakutaja jina la kitu, alitaja kinavyomfanya mtu anayekikaribia. Na Rebmann, aliyekulia mahali ambapo watoto hucheza na theluji, alielewa papo hapo.

Katika safari iliyofuata, mwaka huohuo, alisikia mengi zaidi. Watu wa pwani walisema juu ya mlima kuna fedha inayolindwa na pepo wabaya. Wachaga walikuwa na habari nyingine. Kile kitu kama fedha, walisema, kikiletwa chini ndani ya chupa, huwa maji tu.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, maktabani, ilinibidi nitoke nje kidogo.

Taarifa ya Rebmann ilichapishwa London mwaka 1849 katika jarida la wamisionari. Wapo waliomwamini. Lakini William Desborough Cooley, mtaalamu aliyeheshimika katika jiografia ya Afrika, alikataa katakata. Theluji isiyoyeyuka, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta? Alidai kwamba Rebmann aliiona kwa mawazo, si kwa macho. Mwaka 1852 alichapisha kitabu kizima kuhusu bara la Afrika na kuendelea kukana theluji hiyo. Cooley mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Hata Krapf, aliyeona theluji ya Mlima Kenya mwezi Desemba 1849, hakuaminiwa naye.

Leo maelezo yake ni mepesi hata kwa mwanafunzi wa sekondari. Kadiri unavyopanda, joto hupungua, wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kibo kina mita 5,895. Chini unaweza kuwa unatoka jasho kwenye ndizi na kahawa, na juu ya kichwa chako maji yameganda.

Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken, baroni wa Kijerumani kwa cheo na msafiri kwa shughuli, alipanda na mwenzake Otto Kersten hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku nishani ya dhahabu. Cooley bado hakukubali.

Kwa kawaida hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa Rebmann dhidi ya Cooley. Mimi kila nikiisoma namtafuta Bwana Kheri, nawatafuta wale Wachaga wa chupa. Walikuwa wanajua kabla ya wote, na London haikuwa na haja ya kuwauliza. Lakini siwezi kuilaumu London kwa sauti kubwa mno. Nilikuwa Cooley wa miaka tisa, na sikuhitaji hata bahari ya kunitenga na shahidi. Alikuwa amesimama mbele yangu, viatu vina matope ya mlimani.

Rebmann alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi kwao. Aliporudi mwaka 1875 alikuwa amepofuka. Alifariki mwaka uliofuata huko Korntal, si mbali na Gerlingen. Nikiwa chini ya ule upenu niliwaza majira yake ya mwisho ya baridi: mtu aliyebishiwa kwa sababu ya alichokiona, sasa theluji inamwangukia usoni na haioni. Naamini aliijua kama kiongozi wake alivyoijua. Baridi.

Sasa hata ushahidi wa mlimani unapungua. Watafiti waliopima barafu ya Kilimanjaro walikuta kwamba, kati ya mwaka 1912 na 2007, takriban asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka. Wajukuu wangu huenda wakasikia habari za Kibo cheupe kama sisi tulivyosikia habari za chupa. Nitakuwa na maneno tu mkononi, na pengine mmoja wao ataniuliza kama nilichota mtoni.

Upepo ulipotulia nilimpigia mama mdogo, akampelekea babu simu. Nikageuza kamera aone barabara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umevaa kama mtu anayepanda Kibo?"

Nikamwambia nimeishika theluji, na imegeuka maji mkononi. Nikamwambia nilimkosea siku ile ya chupa ya chai, anisamehe.

"Chupa gani?" akauliza.

Ana zaidi ya miaka themanini, na mambo mengi yamemtoka. Kwa hiyo nikamsimulia mimi: upepo wa usiku, njia iliyofunikwa, siku mbili za kushuka, wajukuu mstarini uani. Alisikiliza kimya hadi mwisho, kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Na hao watoto," akasema, "waliamini?"

"Hawakuamini, babu."

Akatikisa kichwa. "Wangeonja. Maji ya mtoni yana ladha ya udongo."