Ifahamu Demon Slayer: Kijana muuza mkaa na mdogo wake aliyegeuka zimwi

Siku hizi vijana wengi, mijini na vijijini, hurushiana katuni za Kijapani kwenye simu. Mojawapo ni Demon Slayer, ambayo kwa Kijapani huitwa Kimetsu no Yaiba. Mzazi akichungulia kioo cha simu anaona panga, damu na vichwa vinavyokatwa, anabaki kujiuliza: mwanangu anaangalia nini?

Makala haya yanaeleza msimu wa kwanza wa tamthilia hiyo. Kama hujaitazama, fahamu kwamba tunasimulia mpaka mwisho.

Ilitoka wapi?

Hadithi ilianza kama manga, yaani kitabu cha picha cha Kijapani. Mtunzi wake, Koyoharu Gotouge, aliichapisha kwa mfululizo katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia Februari 2016 hadi Mei 2020. Studio ya Ufotable ikaigeuza kuwa katuni ya video, au anime, chini ya mwongozaji Haruo Sotozaki. Msimu wa kwanza ulionyeshwa Japani kuanzia Aprili 6 hadi Septemba 28, 2019. Una sehemu 26, kila moja ikiwa na urefu usiofika nusu saa.

Inasimulia nini?

Tuko Japani, enzi ya Taisho, iliyodumu kuanzia 1912 hadi 1926. Tanjiro Kamado ni mtoto wa kwanza katika familia maskini inayoishi mlimani. Baba amefariki, na yeye ndiye anayechoma mkaa na kuushusha mjini kuuza ili mama na wadogo zake wale.

Siku moja anachelewa kurudi, usiku unaingia, mzee mmoja anamwambia alale kwake. Asubuhi anafika nyumbani na kukuta familia imeuawa. Aliyebaki hai ni mdogo wake wa kike, Nezuko, lakini damu ya zimwi imemwingia. Naye amekuwa zimwi.

Anatokea Giyu Tomioka, askari wa kikosi cha siri cha kuua mazimwi, tayari kumkata Nezuko. Lakini anaona jambo ambalo hajalizoea: binti huyo ana njaa na amejeruhiwa, hata hivyo anasimama mbele ya kaka yake kumkinga. Giyu anashusha upanga na kuwaelekeza kwa mzee Sakonji Urokodaki, mwalimu wa wapiganaji.

Tanjiro anafunzwa kwa miaka miwili. Kisha anafanya mtihani wa kuishi siku saba katika mlima wenye mazimwi, anafaulu na kuingia kikosini. Tangu hapo husafiri na Nezuko akiwa ndani ya sanduku mgongoni, kwa sababu jua huua mazimwi. Mdomoni amefungwa kipande cha mwanzi asije akauma mtu. Njiani wanaungana na Zenitsu, mwoga anayepigana vizuri akiwa usingizini, na Inosuke, aliyelelewa na nguruwe mwitu.

Mazimwi hawa ni nani?

Hapa ndipo hadithi inapotofautiana na nyingi za mapigano. Mazimwi wote walikuwa binadamu, na karibu wote waligeuzwa kwa damu ya mkuu wao, Muzan Kibutsuji. Hufa kwa mwanga wa jua au wakikatwa shingo kwa upanga maalumu. Wengi wanapokaribia kufa hukumbuka walikuwa nani.

Mfano ni Rui, zimwi la mlima Natagumo. Alikuwa mtoto mgonjwa aliyepewa nguvu na Muzan, na mwishowe akawaua wazazi wake mwenyewe. Baadaye akajiundia familia ya kulazimisha: huyu awe mama, huyu awe dada, na asiyetii anaumizwa. Pambano lake na Tanjiro, katika sehemu ya 19, ndilo lililosifiwa zaidi na watazamaji. Tanjiro anaokolewa na ngoma ya moto aliyorithi kwa baba yake, ngoma ya familia ya wachoma mkaa, na kwa nguvu za Nezuko. Lakini anayemmaliza Rui ni Giyu. Hata hivyo, Tanjiro anaweka mkono juu ya mabaki ya adui yake kwa huruma.

Kesi ya Nezuko

Baada ya pambano hilo, ndugu hao wanapelekwa mbele ya Nguzo, wapiganaji tisa wakuu wa kikosi. Sheria inasema zimwi auawe. Ndipo inasomwa barua ya mzee Urokodaki: Nezuko akila mtu, Urokodaki, Tanjiro na Giyu watajiua. Watu watatu wameweka roho zao dhamana.

Nguzo mmoja, Sanemi, hataki maneno. Anamchoma Nezuko kwa upanga, kisha anajikata mkono na kumsogezea damu. Nezuko anatetemeka, mate yanamtoka, halafu anageuza uso.

Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali inakubali kwamba hata zimwi la nyumbani litakula kidogo. Tanjiro anadai zaidi: kwamba wake hatakula kabisa, hata asiyemjua. Wanaomdhamini hawana uhakika wowote ila tabia waliyoiona.

Msimu unaisha vijana hao wakipanda treni. Safari hiyo iliendelezwa katika filamu ya Mugen Train ya Oktoba 2020, iliyovunja rekodi ya mapato ya filamu nchini Japani.

Je, inafaa watoto?

Watoto wadogo, hapana. Neno katuni lisikudanganye. Kuna damu nyingi, na mauaji ya familia yanaonyeshwa mapema kabisa, katika sehemu ya kwanza.

Kwa kijana mkubwa, badala ya kumnyang'anya simu, kaa naye mtazame sehemu ya 22, yenye kesi ya Nezuko. Kisha muulize: ungekuwa wewe ungemdhamini? Jibu lake litakuonyesha anachokitafuta humo, kama ni damu tu au ni zaidi ya hapo.